Haikulipuka, Hailipuki

Mwanamke huyu usimuulize swali ukiwa na haraka. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakuambia kwamba jana haikunyesha. Ukimuuliza kama maziwa ni mazima, atakujibu kwamba asubuhi yalikuwa mazima. Siku moja wageni walikaa sebuleni kwake, na mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko nyuzi zake, alikuwa pembeni anapinda suruali ya mtu. Mgeni mmoja akamtania mama mwenye nyumba: "Shemeji yetu huyu mtulivu, hakusaliti kabisa, sivyo?" Akajibu bila kupepesa macho: "Hajanisaliti. Mpaka leo mchana." Fundi akajichoma sindano kidoleni, wageni wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Kazini hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Haikulipuka. Nalo halikuwa jina la kumsifu, msinielewe vibaya. Lilikuwa jina la watu waliochoka.

Kiwanda chenyewe kilitengeneza baruti ya kupasulia mawe. Chumba cha Haikulipuka, aliyekuwa mpimaji, kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, chenye kuta nene na dirisha moja dogo linalotazama njia ya kutokea. Humo ndani kulisimama mashine ya chuma yenye reli mbili, na kati ya reli hizo pande la chuma ambalo wote waliliita nyundo. Chini yake palikuwa na fuawe ndogo iliyong'arishwa. Unachukua chembe ya unga isiyozidi punje ya dengu, unaiweka juu ya fuawe, unatoka nyuma ya kioo, unavuta kamba. Nyundo inaanguka. Ama utasikia mlio wa kupasua sikio, ama utasikia chuma kwa chuma, basi.

Ukiitazama kazi hiyo utasema ni mchezo wa watoto. Unga ukilipuka, yeye husema umejibu, na nyundo inashushwa ngazi moja. Usipolipuka, umenyamaza, nayo inapandishwa ngazi moja. Kutwa nzima ni hivyo: panda, shuka, panda, panda, shuka. Mwishowe unga wenyewe unakuonyesha pale unapoyumbayumba, pale ambapo nusu ya mapigo unajibu na nusu unanyamaza. Lakini nani anataka kufanya kazi mahali pa nusu kwa nusu? Mtu anayekoroga baruti kwa mikono yake anataka kujua habari za chini kabisa, kwenye moja katika elfu, moja katika laki. Na huko chini nyundo haifiki. Huko unafika kwa hesabu, na kadiri unavyoshuka ndivyo hesabu zenyewe zinavyozidi kutetereka. Haikulipuka alilijua hilo, na lilimkaa rohoni.

Meneja pia alilijua. Asije mtu akanidanganya hapa kwamba bwana yule alikuwa hajui. Walisoma takwimu chuo kimoja, dawati moja, na mtihani wa mwisho alipokwama, yeye Haikulipuka ndiye aliyemwazima kalamu. Alijua vizuri sana. Shida yake ilikuwa nyingine.

Shida yake ilikuwa miiko. Katika chumba cha kuchanganyia kulikuwa na masufuria makubwa, na akina mama wa zamu walikwangua baruti kwa miiko ya mbao. Mwiko wa chuma kwao ulikuwa mwiko kwelikweli, tangu kiwanda kilipofunguliwa. Sasa mbao ni nzito, inalowa, inachelewesha. Wakubwa wa makao makuu walitaka kazi iende mbio, wakaleta aina mpya ya baruti waliyosema ni pole, na pamoja nayo wakaleta miiko ya chuma inayong'aa, imefungwa kwenye karatasi kama zawadi za harusi. Kilichobaki ni neno kutoka chumba cha nyundo.

Haikulipuka akapima. Meneja alitaka nyundo iwekwe kwenye urefu unaolingana na pigo la mwiko wa chuma ulioanguka kutoka mikononi, ipigwe hapohapo mara thelathini. Ikapigwa. Unga ukanyamaza mara zote.

"Mara thelathini!" meneja akasema, akisugua viganja. "Kimya kabisa. Haya, andika, tuwape watu vifaa vyao."

Akaandika. Meneja akachungulia juu ya bega lake, uso ukamshuka.

"Umeandika 'haikulipuka'."

"Ndiyo."

"Andika 'hailipuki'."

"Hilo sikuliona."

"Loo, wewe nawe! Tofauti iko wapi?"

"Unaijua ilipo, usinifanye mtoto. Hata unga unaojibu mara moja katika ishirini unaweza kukunyamazia mara thelathini mfululizo, wala usistaajabu. Wale mama kule ndani wanakwangua mara ngapi kwa siku?"

Meneja akafunga mlango. Sauti ikapungua. "Sikiliza, dada yangu. Watu wa juu wamenikalia kooni. Wanataka neno, hawataki somo. Herufi mbili tatu tu."

"Kama ni herufi mbili tatu tu, mbona zinakunyima usingizi? Weka sahihi wewe."

"Mimi si mpimaji."

"Na mimi si mpiga ramli."

Hapo meneja akapandwa na mori. Akamwambia kwamba amechoka naye, kwamba kiwanda kizima kimechoka naye, na kwamba kesho jioni alete ufunguo wa chumba aende likizo akapumzishe kichwa. Neno lenyewe ataliandika yeye, tena si kwenye karatasi. Ataliandika mlangoni, kwa rangi nyekundu, kila mtu alione. Haikulipuka akachukua kitambaa akaanza kufuta fuawe. 

Sasa nikwambie kwa nini jambo hili lilikuwa lake kuliko la mtu mwingine yeyote. Msimamizi wa chumba cha kuchanganyia alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mama yao alifariki mdogo huyo akiwa bado ananyonya kidole, na Haikulipuka ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfunga nywele, akamtafutia kazi palepale kiwandani. Akikosea neno moja, atakayelilipia ni yule mtoto aliyembeba mgongoni.

Ungedhani mdogo mtu angemshukuru. Thubutu! Jioni ileile aliingia nyumbani kwa dada yake bila hata hodi, akamkuta anakatakata vitunguu.

"Dada, umeninyima miiko."

"Nani kakuambia?"

"Kiwanda kizima! Nina bega mimi. Nikifika nyumbani siwezi hata kujifunga kitambaa kichwani, mwanangu ndiye ananifunga. Ule wa chuma nimeushika mkononi, mwepesi kama kijiko. Wewe unakaa na kinyundo chako kinapanda kinashuka, unajua nini habari ya bega?"

"Bega najua. Mwaka juzi nani alikuwa anakukanda?"

"Basi niandikie hilo neno!"

"Siandiki."

Shemeji mtu, fundi cherehani, akaona hali si nzuri, akachukua suruali zake akahamia uani. Mdogo mtu akaendelea kufoka. Eti dada yake ana roho ngumu. Eti anapenda kusikika. Eti mara zote thelathini haikulipuka, sasa anataka nini tena, malaika ashuke?

Haikulipuka akaweka kisu chini. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa vitunguu peke yake.

"Tabibu wa zahanati alimwangalia mama, akasema homa hii haiui, mwacheni alale. Wewe hukusikia, ulikuwa mdogo. Nilisikia mimi. Nikafurahi, nikaenda kuruka kamba na wenzangu. Homa aliyokuwa anaijua yeye haikuua. Haikuwaua wale aliowaona. Mgonjwa kama mama alikuwa hajamwona bado. Unanielewa? Mimi neno hilo siliandiki, hata mkinifukuza wote, hata ukiacha kuniita dada."

 Mdogo mtu akakaa kwenye kigoda, akajishika bega. Alikuwa hajawahi kuelezwa habari ile ya kamba. Lakini ukaidi ni wa ukoo mzima, usifikiri ulimwishia dada peke yake.

"Haya," akasema. "Pima tena kesho, nikiwepo. Na usipime ule unga wenu wa kupepetwa. Sisi hatukwangui unga, tunakwangua ukoko."

"Ukoko gani?"

"Dada! Sufuria gani haina ukoko? Baruti inaganda chini na pembeni, ndiyo hiyo inayotuvunja mabega. Unga wa katikati unajichotea tu kwa kibakuli, una kazi gani?"

 Miaka yote hiyo Haikulipuka alikuwa akiletewa unga mkavu, safi, uliopita kwenye chekecheo, ndani ya chupa yenye kifuniko. Hakuna aliyefikiri kumletea ukoko, kwa kuwa ukoko ni kitu cha kutupwa, na nani anapeleka takataka kwa mpimaji? Naye hakuwahi kuuliza. Yeye, bingwa wa maneno, hakuwahi kuuliza.

Kesho yake, wakati wa kuosha, mdogo mtu akajaza maji sufuria moja, na ukoko ukiwa umelowa chepechepe akaukwangua kwa mwiko mmoja mpya wa chuma. Akaleta kiasi kidogo ndani ya kikombe. Dada yake akauanika chembe chembe juu ya karatasi mpaka zikakauka, akaziweka chini ya kioo cha kukuzia, akamwita.

"Angalia."

"Naona vidoa vyeusi."

"Hivyo si vidoa. Ni chuma, na kutu. Mwiko wako mwepesi unaikwangua na sufuria yenyewe."

Akaweka chembe ya kwanza kwenye fuawe, nyundo ikiwa palepale meneja alipotaka. Wakasimama nyuma ya kioo, bega kwa bega. Akavuta kamba. Kimya.

"Umeona?" mdogo mtu akacheka. "Umeona, dada?"

"Imenyamaza. Tunapanda."

Wakapanda ngazi moja, ukoko ukajibu, mlio ukamrusha mdogo mtu nyuma hatua nzima. Sheria ni sheria: ukijibu, unashuka. Wakarudi pale kwa meneja. Ukajibu. Wakashuka tena. Ukajibu. Kicheko kilikuwa kimeshakauka. Wakashuka tena, ukajibu tena, na moshi mwembamba ukapanda kati ya reli. Mdogo mtu akashika mkono wa dada yake kwa nguvu, kama alivyokuwa akiushika zamani wakivuka barabara.

"Hapo ni wapi?" akauliza. "Hapo kwa mikono ni wapi?"

"Si mwiko ulioanguka. Hapo ni mwiko ulioteleza tu ukagonga ukingo wa sufuria."

"Inateleza kila siku, dada."

"Najua."

"Kila siku! Tunacheka ikiteleza. Anayeiangusha tunamwimbia."

Mdogo mtu akakaa chini sakafuni, na dada aliyepigiwa kelele jana akakaa naye. Walikaa hivyo, magoti yao yakigusana, mpaka pumzi ikawarudia.

Wakaenda wote wawili ofisini kwa meneja. Meneja akasoma, akasoma tena. Rangi ikambadilika, nilimsikia mwenyewe akikiri hivyo siku za baadaye. Lakini simu ya makao makuu ilikuwa imeshapigwa asubuhi, na yeye alikuwa ameshasema ndiyo. Akakohoa. Akasema utaratibu umetaja unga, na ukoko si unga.

"Uambie ukoko hivyo," Haikulipuka akasema, "usikie utakavyokujibu."

"Ufunguo, tafadhali."

Akautoa. Hakumpa mkononi, aliudondosha mezani, ukagonga kioo cha meza kwa kishindo. Meneja akaruka. Ndiyo, bwana mkubwa, akaruka kwa ufunguo! Haikulipuka akamtazama, akatoka. Kwa mdogo wake alisema neno moja tu: "Usiingie." Mdogo wake alikuwa ameshageuka kwenda zake.

Asubuhi iliyofuata Haikulipuka alirudi kuchukua vitu vyake, kikombe na viatu vya kazi. Hiyo ndiyo sababu aliyompa mlinzi. Sababu hasa ilikuwa kwamba alikuwa hakulala, na kama mdogo wake angeingia mle ndani na mwiko wa chuma, alikuwa ameshakata shauri kumtoa kwa kumburuta, hata kama ni mbele ya wafanyakazi wote, hata kama ni kwa nywele. Alipokuwa ukumbini akasikia kitu kilichomsimamisha. Hakusikia mashine. Saa ya kuanza zamu ilikuwa imeshapita, na upande wa kuchanganyia palikuwa kimya. Akatupa viatu chini akakimbia.

Akina mama wa zamu walikuwa wamesimama nje ya mlango. Mlangoni paliandikwa kwa herufi nyekundu, kubwa, rangi bado inanukia: BARUTI HII HAILIPUKI. Chini kwenye benchi miiko ya chuma ilikuwa imepangwa, haijaguswa. Na juu ya stuli, kopo la rangi mkono mmoja na brashi mkono mwingine, lile bega bovu limeinuka mpaka sikioni kwa maumivu, alisimama mdogo wake.

Alikuwa ameshachomeka KU juu, kati ya HAI na LIPUKI, na kamstari ka kuonyesha inapoingia. Sasa alikuwa anaigeuza ile I ya mwisho iwe A. Ilikuwa A mbaya, imepinda, inavuja rangi. Lakini ilisomeka: BARUTI HII HAIKULIPUKA.

Meneja akatokea mwisho wa ukumbi, koti bega moja.

"Nani kakupa ruhusa?" akafoka. "Unafanya nini hapo juu?"

"Tunasahihisha sarufi, bosi," mdogo mtu akajibu bila kugeuka.

Mama mmoja akaangua kicheko, kikasambaa kwa wote. Meneja akangoja kiishe. Hakikuisha upesi.

"Mnaingia kazini au hamwingii?"

"Tunaingia," mdogo mtu akasema, akashuka kwenye stuli taratibu. Akachukua mwiko wake wa mbao uliokuwa umeegemea ukuta, mzito, mweusi kwa uzee, akauweka begani. Wenzake wakachukua yao. "Tunaingia na miiko yetu."

"Na bega lako ulilokuwa unanililia?"

"Litauma. Linauma kwa kuwa lipo."

Hakuna aliyecheka hapo.  Meneja akamtazama Haikulipuka aliyesimama mbali, hana viatu mkononi, hana kikombe, anahema. Mtu aliyekaa naye dawati moja. Mdogo mtu naye akamwona dada yake, akainua kidevu kidogo, namna ileile aliyokuwa akifanya utotoni akimaliza uji wote bakulini. Halafu akawaongoza wenzake ndani, na baada ya muda kidogo mashine zikaanza kunguruma.

Likizo ya Haikulipuka ilikuwa fupi. Makao makuu walileta mpimaji mwingine, mtu mzima mwenye miwani. Huyo akausoma mlango, akauliza kisa chake, akaomba ukoko, akapima, na alipotakiwa aandike neno akaandika "ulilipuka". Meneja mwenyewe akaenda na ufunguo mpaka nyumbani kwa fundi cherehani, akauweka mezani polepole sana. "Chukua," akasema, "uniache nipumue." Haikulipuka akauchukua, na hakumshukuru hata kidogo. Kuanzia siku hiyo hapimi unga peke yake, ukoko kwanza. Miiko ya chuma ikapelekwa jikoni kwa wapishi wa kiwanda, wakaishangilia. Mlango haukupakwa rangi tena. Wageni wakija huuliza kwa nini maneno yale yamepinda, na kila mtu hujifanya hajasikia.

Na kila zamu ikiisha, mdogo mtu akitoka hupita pale kwenye dirisha dogo, hugonga kioo kwa kidole na kusema: "Dada, haikulipuka." Dada naye hujibu kutoka ndani: "Leo." Ni utani wao. Wenzao wameuzoea, wengine husema kabla yao.

Siku moja alichelewa. Zamu ilitoka, akina mama wakapita dirishani mmoja mmoja, sauti zikaisha njiani, na kioo hakikugongwa. Haikulipuka aliacha kazi. Mlipuko wowote angeusikia, mtu yeyote angeusikia, kuta zingetikisika. Alilijua hilo, na hata hivyo akashika reli za mashine kwa mikono miwili. Yule mwanamke aliyemjibu meneja bila kupepesa macho alisimama pale akiomba kwa sauti, peke yake.

Kioo kikagongwa.

"Dada, haikulipuka. Nilikuwa natafuta kiatu changu."

"Usichelewe!" akapiga kelele, kelele iliyosikika ukumbi mzima. "Unanisikia? Kata mguu ukipenda, lakini usichelewe!"

Mdogo wake akauweka uso kwenye kioo, akamwona machozi yanavyomtiririka. Akagonga tena, taratibu.

"Haikulipuka, dada."

"Leo," dada yake akasema, akatoka kumkanda bega.